Kabla ya Kuchagua Vigae, Ieleze Akili Mnemba Maisha ya Chumba

Iulize akili mnemba sakafu ipi inafaa jikoni, nayo itakumwagia orodha ndefu ambayo mwisho wake ni "inategemea". Nilipotengeneza jiko langu sikuuliza habari za uzuri. Niliieleza maisha ya chumba: maji humwagika, watoto hukimbia peku, ndimu na siki hazikosekani, na anayedeki ni mimi mwenyewe.

Kwa maelezo hayo mchujo ulikwenda haraka. Jiwe la marumaru nililolitamani kwa meza ya jikoni lilitoka mapema, kwa sababu limejaa kalisi kaboneti, na tindikali ya ndimu huliachia madoa ya ukungu yasiyotoka kwa kufuta. Graniti ikabaki. Sakafu ya laminati nayo ikaondoka: kiini chake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na maji yakipenya kwenye maungio, huvimba.

Usikubali sifa tupu kama "imara" au "ya kisasa". Idai vipimo. Vigae vya poselini hunyonya maji asilimia 0.5 au pungufu, ilhali vya seramiki vya ukutani kwa kawaida huzidi 10. Ukinzani wa utelezi huandikwa R9 hadi R13, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyoshika mguu. Agiza jedwali lenye safu hizo, halafu kila namba ihakiki kwenye karatasi ya mtengenezaji, maana mashine hii haioni haya kubuni.

Swali lililonifaa kuliko yote ni hili: "Nishawishi nisinunue hiki." Hapo ndipo huambiwa kwamba vigae vikubwa hudai sakafu iliyosawazishwa sawasawa, kwamba rangi inayong'aa hufichua kila bonde la plasta, na kwamba kigae chenye uso wa kukwaruza sana hukamata uchafu hadi ufagio wa kudekia ukate tamaa. Muuzaji hatakwambia hayo.

Kwenye rangi, sikubali picha za akili mnemba hata kidogo. Mwanga wa ndani ya picha umebuniwa, wakati rangi ya krimu chini ya taa ya 2700K, yenye mwanga wa manjano, si ileile chini ya taa ya 6500K, yenye mwanga mweupe. Paka sampuli kwenye kipande cha ubao, ukihamishe ukuta hadi ukuta, ukitazame asubuhi na usiku taa zikiwaka.

Ukishaamua, ipe urefu na upana wa chumba ikupigie hesabu ya vigae, na uongeze asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, au 15 kama vinapangwa kimshazari. Nunua vyote kwa mkupuo mmoja, na uangalie namba ya toleo ubavuni mwa kila boksi, kwani rangi hupishana kidogo kati ya toleo na toleo.