Betri iliyoonyeshwa kabla ya kuombewa hataza

Ukishaonyesha betri yako hadharani kabla ya kuomba hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi), je, nafasi ya kuipata imepotea? Hapana, haijapotea bado, kwa Kenya angalau. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inakupa miezi 12: ukionyesha mwenyewe muundo wa betri ya pikipiki ya umeme, kisha ukapeleka ombi KIPI (taasisi ya Kenya inayotoa hataza) ndani ya muda huo, mkaguzi hatalitumia onyesho hilo dhidi yako. Marekani nako ni mwaka mmoja. Balaa liko Ulaya: hata video uliyoirusha jana inatosha kufanya uvumbuzi wako usihesabiwe tena kuwa mpya, na hataza huipati. Ila angalia, kupanga tu seli za kawaida ndani ya boksi hakutoshi popote. Mkaguzi atauliza umetatua nini, mfano njia mpya ya kupoza au kuzuia moto usiruke seli hadi seli.