Miche ya mtaani Mtwara inakufa kiangazi: anzeni na hesabu ya maji

Ndugu, umesema kikundi cha mtaa wenu hapa Mtwara mjini kilipanda miche 100 pembeni mwa barabara mwezi Machi, Septemba ikabaki 20, na sasa mnataka kuomba 200. Msiombe 200. Kilichoua ile 80 ni kiangazi, na mkiongeza miche bila kuongeza maji mtazika mingi zaidi.

Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili zinakatika. Mche wa Machi unapata wiki chache tu za kushusha mizizi, mchanga unakauka na kusi inaanza kuvuma. Pandeni Desemba au mwanzoni mwa Januari, mkichimba mkute unyevu umefika kina cha mkono hadi kiwiko.

Sasa maji. Katika mchanga wa pwani, mche mmoja upewe debe la lita 20 mara mbili kwa wiki, kiangazi chote cha kwanza. Miche 40 ni lita 1,600 kwa wiki. Miche 200 ni lita 8,000, yaani madebe 400 kila wiki, na Agosti wabebaji huwa wamechoka. Andikeni majina ya kaya kwanza, kila kaya miche miwili, ndipo mjue idadi ya kuomba. Mwageni nusu debe, subirini yanywewe, kisha malizieni. Kikombe kimoja kila jioni kinalowesha juu tu. Mizizi nayo inabaki juu inakopata maji, na yakikosekana siku chache mche unakauka. Maji ya kisima yaonjwe kabla: yakiwa na chumvi, majani huungua kingoni na mche hufa polepole.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza kabisa, maana mbichi inaunguza mizizi. Mtaimbo ukigonga jiwe la matumbawe kabla ya kina hicho, hamisheni shimo.

Kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulioshika udongo wa mche, kichaneni kwa wembe mkitoe chote. Nasisitiza hili kwa sababu madhara yake huonekana miaka mingi baadaye. Mzizi uliojizungusha chini ya kiriba ukatwe. Ukiachwa utaendelea kuzunguka, na mti mkubwa utang'oka kwa upepo. Pale shina linapokutana na mizizi pabaki usawa wa ardhi. Tengenezeni kisahani cha udongo kuzunguka mche cha kushika maji, upana wa mita moja, mtandaze nyasi au makumbi ya nazi unene wa vidole vinne, mkiacha shubiri moja kutoka kwenye shina ili lisioze na mchwa wasipate njia.

Mbele ya bahari pandeni mkungu, mvinje au mwarobaini, vinavumilia upepo wa chumvi. Ndani ya mji mwarobaini ndio rahisi kuliko yote. Mkwaju unakua taratibu lakini kivuli chake kinadumu vizazi. Mwembe upewe nafasi ya mita 10. Chini ya nyaya za umeme wekeni mstafeli au mpera, kwa sababu mti mrefu utakatwa kichwa kila mara na kuoza kuanzia juu. Mkorosho uacheni shambani, matawi yake hutambaa chini na kuziba njia. Kabla ya kuchimba piteni serikali ya mtaa, kwani barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) na huenda zikapanuliwa.

Mbuzi hawana mjadala: kizimba cha fito au mianzi, kimo cha mita 1.5, siku ileile ya kupanda. Kigingi kikae upande wa kusini, mche ufungwe kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, ulegee kidogo. Waya hukata gome. Mwaka wa pili debe moja kwa wiki linatosha. Kizimba kitolewe majani yakishapita kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na ukanda ufunguliwe kabla shina halijaumeza.