Karatasi Niliyoikuta Ndani ya Kiatu

Jumanne iliyopita nilifika nyumbani, mtaa wa Umoja hapa Nairobi, saa mbili usiku, mgongo ukiniuma kwa kushinda nimesimama dukani kule Grogan, nikakuta karatasi ya hesabu ya kijana wangu mezani, kando ya sahani yangu ya ugali na sukuma. 11 kwa 30. Aliiweka mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. "Baba, hii imenishinda kuanzia swali la nne. Utanisaidia?" Tonge la kwanza lilikataa kushuka. Mtauliza 11 kwa 30 ina fahari gani. Ngojeni niwaeleze.

Mwaka jana, Jumapili moja jioni, nilikuwa nampigia viatu rangi vya kuendea shule. Nikaingiza mkono ndani ya kiatu cha kushoto, vidole vikagusa kitu kigumu kule kwenye ncha. Karatasi. Ilikuwa imekunjwa na kukunjwa tena mpaka ikatoshana na kiberiti, imelainika kwa jasho la mguu. Nikaikunjua polepole isichanike. Mtihani wa hesabu, na juu yake kwa kalamu nyekundu: chini ya matarajio. Mtoto wa miaka 10 alikuwa akitembea na aibu yake kiatuni, anaikanyaga kwenda shule na kurudi.

Sikumchapa. Nilijifungia bafuni nikalia, maana aibu ile niliijua. Ilianza kwangu.

Mimi KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, niliifanya mwaka 2003. Nilipata alama 318 kwa 500. Nilitoka shuleni mbio na ile karatasi mkononi, nikamkuta baba anakunywa chai. Akaisoma, akanirudishia, akasema, "Mimi nimekula hasara." Kisha akachukua kikombe chake akaendelea kunywa. Hakunipiga wala hakuinua sauti. Mzee ametangulia mbele za haki, mimi nina duka langu la vipuri na vijana wawili nimewaajiri, lakini zipo asubuhi ambazo neno hilo ndilo la kwanza kunijulia hali.

Kwa hiyo nilipopata mtoto niliapa hatasikia neno kama hilo kinywani mwangu, na nikaenda upande wa pili mzima mzima. Akichora mstari, namwita kichwa. Akisoma sentensi moja, namwambia Nairobi nzima hakuna mwenye akili kama yeye. Nilidhani namjenga.

Baada ya Jumapili ile nilijiandikisha masomo ya jioni ya ushauri nasaha. Ya ada na ya foleni za matatu sitawachosha nayo. Nitawaambia yaliyonichoma.

La kwanza ni utafiti wa wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck, uliotoka Marekani mwaka 1998. Walichukua watoto wa umri kama wa huyu wangu, wakawapa maswali, kisha wengine wakasifiwa akili na wengine wakasifiwa juhudi. Halafu wote wakapewa maswali magumu mno. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema zaidi, na walipoambiwa wawaandikie watoto wenzao alama walizopata, karibu wawili kati ya kila watano waliongeza. Wa juhudi waliodanganya walikuwa wachache sana. Niliposoma hapo nilifunga daftari. Nikaiona ile karatasi kiatuni. Kama baba amekwambia wewe ni kichwa, na leo umepata 9, utampelekea nini?

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini kwa mtu ni mafanikio yake yakigawanywa kwa matarajio yake. Hesabu ya darasani kabisa: matarajio yakipanda, jibu linashuka, hata kama mafanikio hayajapungua. Sasa jiulize, mzazi mwenzangu, matarajio ya mtoto wa miaka 10 yametoka wapi? Ni yetu. Baba yangu alinibebesha yake kwa neno moja la ukali, na mimi nikambebesha mwanangu yangu kwa sifa mia. Mzigo ni uleule.

Tena msije mkadhani dawa ni kumwachia mtoto afanye apendavyo. Mwanasaikolojia Stanley Coopersmith aliwachunguza wavulana wa miaka 10 hadi 12, akachapisha matokeo mwaka 1967. Waliojithamini sana walikuwa na wazazi wanaowakubali kwa moyo, na wazazi haohao ndio walioweka mipaka iliyo wazi na kuisimamia. Ndani ya mipaka hiyo, mtoto alisikilizwa. Mwenzake katika fani hiyo, Diana Baumrind, miaka hiyohiyo, alitenganisha mzazi wa amri tupu, mzazi wa kuachilia, na yule mwenye msimamo na upendo pamoja. Baba alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nateleza kuelekea wa pili na kujiita mzazi wa kisasa.

Na kuna jambo la hapa jirani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga vijijini karibu na Kampala. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kuangalia kama mama yupo, kisha anaendelea. Jumanne ile, karatasi ya 11 ilikuwa mwanangu amegeuka kuangalia kama nipo.

Sote tunaohangaika na jiji hili tunataka watoto wetu wapite pale tulipokwama sisi. Basi mtenganishe mtoto na alama zake. Usimwite kichwa, usimwite mjinga, mwambie ulichomwona akifanya: "Umerudia swali hili mara tatu." Kazi ya shule imalizwe kabla ya televisheni, na hilo halina mjadala. Lakini akishindwa, uso wako usibadilike. Nasema uso, kwa sababu mtoto husoma uso kabla ya kusikia neno. Mtenganishe na alama zake, hata siku akizileta 30 kwa 30. Wanaonijibu kwamba walichapwa na wakawa watu, nawauliza ni karatasi ngapi walificha.

Usiku ule nilisukuma sahani kando, tukakaa na karatasi yake. Kwa mara ya kwanza nikamwambia kuhusu ile 318. Akanitazama kwa muda.

"Hiyo ilikuwa chini ya matarajio?"

"Ya babu yako, ndiyo."

"Na yako?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia mimi nilikuwa nimetarajia 300, na kwamba njia nzima kutoka shuleni nilikuwa nakimbia kwa furaha. Akatikisa kichwa, akachukua penseli, tukaanza na swali la nne. Lilikuwa la sehemu.