Mdukuzi au mdukizi?

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa TEHAMA jijini Mbeya. Tunaandaa mada kwa Kiswahili kuhusu ugawaji wa ufunguo wa siri kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Anayezinasa fotoni njiani, baadhi yetu wanamwita mdukuzi, wengine mdukizi. Tuandike lipi?

JIBU: Andikeni mdukizi. Kudukiza ni kutega sikio kwa siri wenzako wakizungumza. Kudukua, kwa matumizi ya leo, ni kujipenyeza kwenye mfumo usio wako. Dukua huzaa mdukuzi kama nunua na mnunuzi. Dukiza huzaa mdukizi kama ongoza na kiongozi.

Tofauti hii inabeba fizikia yenyewe. Katika utaratibu wa kupeana ufunguo wa wanasayansi Bennett na Brassard wa mwaka 1984, mdukizi hagusi kompyuta ya mtu. Anapima fotoni kwa kubahatisha mkao wa kuipimia, kisha anatuma nyingine badala yake. Akifanya hivyo kwa kila fotoni, takriban asilimia 25 ya biti ambazo mtumaji na mpokeaji wamezibakiza, zile walizotumia mkao mmoja, hutofautiana. Wanalinganisha sampuli hadharani, wanaona makosa yamezidi, wanautupa ufunguo. Mkiandika mdukuzi, msomaji atawaza nywila iliyoibwa, na hapo hakuna nywila.

Mdukuzi naye ana mahali pake. Mkongo wa kutoka Mbeya hadi Iringa ungepita kilomita 300. Mwanga hupotea kama desibeli 0.2 kwa kilomita, hivyo kwa umbali huo ni desibeli 60: fotoni moja tu hufika katika kila milioni. Kuukuza mwanga njiani haiwezekani, maana hali ya kwantamu isiyojulikana, kama ya fotoni hizi, hainakiliki. Basi huwekwa kituo cha kati, tuseme Makambako, na ndani ya mashine za kituo hicho ufunguo hukaa wazi. Anayezivunja mashine hizo ndiye mdukuzi, na kipimo cha makosa hakitamwona kabisa.

Neno lenu "ugawaji" nalo silipendi. Linaleta picha ya ufunguo uliokatwa vipande kama mkate. Semeni kupeana ufunguo.

Yuko pia anayehifadhi leo ujumbe uliofungwa kwa RSA, njia ya kihisabati ya kuficha ujumbe, akisubiri kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ije kuufungua. Huyo anadukiza sasa, atasimbua baadaye. Kudukua hakumo.