Mteja mgeni wa hostingi: muulize alichokiona, usishike neno alilolitumia

Ndugu yetu wa Malindi ameeleza kwamba ana wateja kama 40 wa hostingi (yaani anawakodishia nafasi ya kuweka tovuti na barua pepe zao kwenye seva, kompyuta zinazowaka muda wote), wengi wao wenye nyumba za wageni na maduka, na wanamchosha. Mmoja alimpigia mara 14 siku moja akisema "mtandao umekufa", mwisho ikaonekana bando la simu yake ndilo lililokwisha. Sasa anataka kuweka sheria: msaada ni kwa tiketi tu, yaani ombi lililoandikwa, simu hapana, na asiyejua tofauti ya domeini (jina la tovuti) na hostingi akatafute mwengine. Anauliza kama sisi tuliotangulia ndivyo tunavyofanya.

Ndugu, mimi niko Lamu, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii. Nauza hostingi ya rejareja juu ya seva ninazokodi Nairobi na Ujerumani. Wateja wangu ni kama wako: nyumba za wageni Shela na Mkomani, manahodha wanaowapeleka wageni Manda na Kipungani, madrasa mbili, seremala wa milango ya kuchonga, maduka ya Langoni. Jibu langu ni hapana, usiwafungie simu. Na sisemi hivi kwa kuwa nina moyo laini. Niliwahi kuwajibu wateja vile unavyotaka kuwajibu wewe, na watu wakapoteza riziki kwa sababu yangu.

Mteja mgeni hana majina ya vitu. Anajua alichokiona, basi. Akisema "mtandao umekufa" huenda anamaanisha bando limekwisha, au umeme umekatika na ruta imezimika, au domeini imepitisha tarehe, au sanduku la barua pepe limejaa, au amesahau nenosiri la WordPress, programu anayohariria tovuti yake. Mambo matano, neno moja. Ukilijibu lile neno, umekosea mara nne kati ya tano, na yeye atakupigia tena kwa sababu shida yake iko palepale. Zile simu 14 sikatai kwamba zilikuchosha, lakini hebu zikumbuke: katika simu ya kwanza ulimuuliza nini?

Nina mama mmoja wa makamo mwenye nyumba ya wageni, namheshimu sana. Alinipigia asubuhi: "Mwanangu, tovuti haifunguki." Nikaifungua kwangu, ikafunguka. Nikamwambia, "Mama, inafanya kazi." Baada ya saa moja akapiga tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu sauti yake ilibadilika, nikajua ameona namwambia ni mwongo. Ndipo nikatoka kwenye kiti changu nikaenda mpaka kwake. Na kweli haikuwa ikifunguka, kwenye simu yake, kwenye laptopu ya mapokezi, hata kwa wageni wake.

Siku mbili kabla tulikuwa tumebadilisha nenosiri la barua pepe yake. Ile laptopu ikabaki na nenosiri la zamani, na kila baada ya dakika chache ikawa inajaribu kuingia na kukataliwa. Ukuta wa ulinzi wa seva ukaona mtu anabahatisha nenosiri, ukaifungia anwani ya IP ya ile ruta, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Nyumba nzima ikawa nje, huku dunia yote iliyobaki inaiona tovuti. Mama alikuwa mkweli na mimi nilikuwa mkweli, ila ni mimi niliyelipwa kujua kwamba jambo hilo linawezekana. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni: "Zima waifai, washa data ya simu, ufungue tena. Unaona nini?" Ikifunguka kwa data na haifunguki kwa waifai, tatizo liko kati ya ruta yake na seva yako, na mara nyingi ni kufungiwa huko. Ikikataa kote kwenye simu yake na kwako inafunguka, mwambie afungue tovuti nyengine yoyote. Nayo ikikataa, bando au simu ndiyo ya kutazamwa. Kwa swali hilo moja mteja wako wa Malindi angejua shida yake ndani ya dakika 2.

Swali la pili: "Nipigie picha ya skrini yote." Wengi hawajui kuipiga kwa vitufe. Waache waipige kwa simu ya mwenzao, hata ikitoka imepinda. Maandishi ya makosa yanasomeka vizuri tu.

Sasa niseme lile lililoniuma. Mwaka wangu wa tatu, mteja wa Shela alipata mtengenezaji mpya wa tovuti, kijana aliyeko Nairobi. Kijana akampa maagizo, naye akaninakilia kwenye WhatsApp herufi kwa herufi: nibadilishe seva za majina (zile zinazouambia mtandao tovuti na barua za domeini ziko wapi), niweke hizi mpya. Nikatekeleza, domeini ni yake na ana haki nayo. Tovuti mpya ikatokea jioni ileile, nzuri. Lakini seva za majina hazishiki tovuti peke yake. Rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe ziende wapi, ziko humohumo, na kule kupya hakuna aliyeziandika. Ilikuwa mwisho wa Julai. Watu wanaoandika kuulizia vyumba vya Agosti barua zao zilikuwa zikirudi. Alijua siku ya sita, mgeni wa kila mwaka alipompigia simu kuuliza kama nyumba imefungwa.

Nilimwambia, "Nilifanya ulichoniagiza." Neno kwa neno ilikuwa kweli. Akaninyamazia, akahama mwezi uliofuata, na wale wageni wa siku sita hakuna aliyewarudisha. Yeye hakuagiza chochote, alikuwa anabeba maneno ya mtu mwengine. Mimi peke yangu kati yetu watatu ndiye niliyeweza kuona kwamba barua zake zitakatika, kwa sababu zilikuwa kwenye seva yangu. Hilo bado linaniuma.

Kwa hivyo mteja akikuletea neno ambalo kwa kawaida halitoki kinywani mwake, simama. Muulize, "Unataka baada ya hapa kitokee nini?" Akisema tovuti mpya ionekane, basi seva za majina haziguswi. Badilisha rekodi ya A peke yake, ile inayosema tovuti iko kwenye seva gani, barua zibaki zilipo. Siku moja kabla punguza TTL, yaani muda ambao mitandao mingine hukumbuka rekodi ya zamani, kutoka sekunde 86400, yaani saa 24, hadi 300, ili mabadiliko yaonekane ndani ya dakika 5 na ukikosea uweze kurudi haraka. Na angalia jambo ambalo huwapita hata wenye ujuzi: akaunti mpya ya cPanel, programu ya kusimamia hostingi, huja na MX inayoelekeza kwenye jina lenyewe la domeini. Ikiwa hivyo, ukibadilisha A umehamisha na barua bila kujua. Iandikie MX jina lake la peke yake kwanza, kama mail, lenye rekodi yake inayobaki kwako, halafu ndiyo uguse tovuti.

Kuhusu kujua tofauti ya domeini na hostingi, hiyo ni kazi ya siku ya kwanza, na ni yako. Mimi hukaa na mteja barazani kwake kama nusu saa, na karatasi. Namwambia: una duka. Kibao cha juu ya mlango chenye jina, hicho ni domeini, unakilipia kila mwaka na kimeandikishwa kwa jina lako, ikiwa ni ya .co.ke, daftari kuu liko KENIC, wasimamizi wa majina ya .ke, na mimi ni mtu wa kati tu. Chumba chenye bidhaa ndiyo hostingi, unakikodi kwangu. Na sanduku la posta, S.L.P. yako, ndiyo barua pepe. Unaweza kuhama chumba na sanduku likabaki palepale, lakini lazima posta iambiwe. Mfano wa S.L.P. hauhitaji kurudiwa, kila mtu mzima hapa anaujua. Yule mteja wa Shela lau ningempa mfano huu mwaka ule, pengine angeniuliza mwenyewe, "Na sanduku je?"

Katika karatasi hiyo kuna mstari mmoja ninaousisitiza kuliko yote: anwani ya barua pepe iliyoandikishwa kwenye domeini isiwe ya domeini hiyohiyo. Mtu ana info@ ya hoteli yake, na hiyo ndiyo anayoandikisha. Domeini ikipitisha tarehe, barua pepe inakufa nayo, na maonyo yote ya mwisho yanakwenda kwenye sanduku lililokwishafungwa. Tumia Gmail yake, na namba ya simu ya mtoto wake. Mwambie pia kwamba siku moja atapata barua ya kutisha, ama ankara ya domeini kutoka kampuni asiyoijua, ama "kampuni ya China inataka kusajili jina lako". Asilipe, akupigie wewe kwanza. Hapo ndipo utakapofurahi kwamba hukuifunga simu.

Barua pepe kwenye simu nayo ina mtego wake. Seremala wangu simu ilijaa, akafuta barua zaidi ya 2,000 "za kwenye simu" akidhani nyengine ziko kwenye kompyuta. Kwa IMAP, njia ya kusomea barua zikiwa kwenye seva, hakuna za simu na za kompyuta, zote ni zilezile za kwenye seva, na zilifutika kila mahali, pamoja na vipimo vya milango aliyoagizwa na watu wa nje. Nakala yangu ya usiku ilimwokoa. Mwengine alikuwa na POP, njia nyengine iliyowekwa na fundi wa simu, inayochukua barua na kuziondoa kwenye seva. Simu ikamwangukia majini akishuka kwenye boti, na barua za miaka miwili zikaenda nayo. Huyo sikuwa na cha kumrudishia. Siku hizi simwelezi mtu IMAP ni nini. Namuuliza tu, "Ukifuta hapa, unataka ifutike na kule?" na "Simu ikipotea, barua zipotee?" Majibu yake yananiambia la kuweka.

Hiyo tiketi usiitupe, ila iandike wewe. Mteja anapiga au anatuma ujumbe wa sauti, wewe unaandika alichosema, ulichokuta, ulichofanya. Ni kumbukumbu yako na kinga yako mkibishana. Saa ziwekee mipaka: mimi napokea kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Ramadhani nasogeza, na baada ya Isha ni ujumbe tu isipokuwa barua pepe zimesimama. Wateja wanaheshimu mpaka ukiwaambia mapema kwa Kiswahili chao. Ile nusu saa ya barazani nimeiingiza kwenye bei ya mwaka wa kwanza, shilingi 1,500 juu ya bei ya kawaida, na hakuna aliyelalamika.

Malipo, kwa ufupi. Usimpelekee mwenye hoteli ankara Mei, mvua zinanyesha na vyumba vitupu. Sogeza tarehe ya hostingi iangukie Januari au Septemba. Domeini ya .com ukiilipia mapema mwaka unaongezwa juu ya tarehe ya zamani, hapotezi siku, kwa hivyo chukua pesa akiwa nazo.

Nimemkataa mteja mmoja tu kwa miaka yote hii, na hakuwa mjinga wa lolote. Alitaka kutuma matangazo kwa anwani 5,000 alizonunua, nikamweleza kwamba seva ikiingia kwenye orodha nyeusi ya wanaotuma barua taka, barua za wateja wangu wote zitakataliwa, akatuma usiku bila kuniambia. Ilinichukua siku tatu kuisafisha ile IP. Huyo alielewa na akafanya. Hao wako 40 hawajafika huko.

Kesho baada ya Alasiri mpigie wewe yule wa simu 14. Usimkumbushe bando. Mwambie unapita kumwandikia karatasi ya tovuti yake, na ukifika, kabla ya yote, tazama ni anwani gani imeandikishwa kwenye domeini yake.