Amplifaya moja kwa gitaa la solo na besi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hupiga gitaa la solo na mdogo wangu hupiga besi. Mazoezi tunafanyia nyumbani kwetu Tandika, na Jumapili tunapiga kwenye kwaya. Fedha tuliyojichangia inatosha amplifaya moja tu. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ametuonyesha amplifaya ya gitaa ya wati 30, akasema itayabeba magitaa yote mawili bila taabu. Je, tuinunue?
Msomaji, Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, amplifaya hiyo iacheni dukani. Muuzaji hakuwadanganya kabisa, kwa kuwa mkichomeka besi humo italia. Lakini kulia ni jambo moja na kudumu ni jambo jingine. Uzi mnene wa gitaa lako, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, ilhali uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41, yaani nusu yake, na nusu hiyo ndiyo huitwa oktavu moja chini. Ili noti iliyo oktavu moja chini isikike kwa ukubwa uleule, karatasi ya spika hulazimika kwenda mbele na nyuma karibu mara nne ya mwendo wake wa awali. Spika za gitaa huwa na karatasi nyepesi na mwendo mfupi, kwa hiyo siku mdogo wako atakapoongeza sauti ili asimezwe na ngoma, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, itaanza kugonga na karatasi itachanika. Kwa sauti ya chini, ya kujifunzia chumbani, hakuna kitakachoharibika, ila besi yenyewe itasikika nyembamba.

Kinyume chake hakina hatari hiyo. Gitaa la solo likipita katika amplifaya ya besi haliumizi chochote, na ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba mnunue amplifaya ya besi, kisha gitaa ndilo litafutiwe namna ya kukaa humo. Punguza sauti za chini, pandisha kidogo sauti za kati, na utapata mlio safi. Kwa mtu aliyekulia kwenye solo za Msondo Ngoma na Sikinde, ambamo kila noti husimama peke yake bila mkwaruzo, mlio huo hauna upungufu mkubwa. Mimi binafsi naupenda.

Taabu huja kwa anayetaka mkwaruzo wa roki. Spika ya gitaa kwa kawaida hupunguza sana sauti kali zinazozidi mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, na kwa hiyo huulainisha mkwaruzo, ilhali amplifaya nyingi za besi zina twita, yaani spika ndogo ya sauti kali, inayozitoa sauti hizo zote, na matokeo yake ni kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Zima twita kama ina swichi yake, au tafuta pedali yenye uwezo wa kuiga spika ya gitaa. Wala msidhani kwamba mtakuwa wa kwanza kufanya hivi: kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya besi, wapiga gitaa wakaichukua, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall na mafundi wake huko London waliufuata mchoro wake wa umeme walipotengeneza amplifaya yao ya kwanza.

Hukuniambia kama mnataka kupiga wote wawili kwa wakati mmoja, na hilo lina uzito kuliko mengine yote. Hata amplifaya yenye matundu mawili ya kuchomekea haitawafaa vizuri, kwa sababu besi ndiyo hula sehemu kubwa ya nguvu, na kila inapokita, sauti ya gitaa huyumba. Mkiwa nyumbani, pokezaneni, au mpige kwa sauti ndogo. Kanisani, ikiwa kuna mixa na spika kubwa, besi ipitishwe huko kwa kutumia di boksi, yaani kisanduku cha kuunganishia gitaa na mixa, na amplifaya ibaki kwa gitaa. Amplifaya ya kinanda yenye chaneli kadhaa nayo ni chaguo la heshima, kwani imetengenezwa kubeba sauti za chini na za juu pamoja. Nguvu hugawanywa vilevile, lakini kila mmoja anakuwa na kitufe chake cha sauti.

Kuhusu wati, kumbukeni kwamba kuziongeza mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Kwa chumba, wati 40 zinatosha. Besi ikikaa karibu na ngoma, anzieni wati 100 na spika ya inchi 12 au 15. Kama ni mtumba, someni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, maana iliyotoka Japani huwa ya volti 100 na ya Marekani volti 120, nazo zitaungua kwenye umeme wetu wa volti 230 zisipopitia transfoma. Na mwende dukani na besi yenu wenyewe: mdogo wako apige uzi mnene wazi kwa sauti ya juu kwa dakika kadhaa, nawe usogeze sikio karibu na spika. Ikikoroma, tafuteni nyingine.