Waliouawa na polisi Marekani bila silaha: namba ipi tuiamini?

Mkuu mleta uzi, umeuliza nani yuko sahihi: anayedai polisi wa Marekani huua zaidi ya watu 1,000 wasio na silaha kila mwaka, au anayesema hawafiki hata 100. Nimefanya kazi ya kuhakiki takwimu kwenye chumba cha habari, na hizi ni kati ya zilizonisumbua zaidi.

Hiyo 1,000 ni ya wote, wenye silaha na wasio nazo. Gazeti la Washington Post walianza kuhesabu mwaka 2015, wakawa wanapata takriban watu 1,000 kwa mwaka waliouawa kwa risasi za polisi. Walioandikwa kuwa hawakuwa na silaha ni chini ya asilimia 10. Kwa hiyo wa kwanza kachemka. Ila wa pili asishangilie, maana orodha ile ni ya risasi tu. George Floyd, aliyekandamizwa shingo kwa goti Minneapolis mwaka 2020, hayumo. Freddie Gray wa Baltimore, aliyeumia uti wa mgongo ndani ya gari la polisi mwaka 2015, naye hayumo. Mapping Police Violence, mradi mwingine wa kuhesabu wanaouawa na polisi, huhesabu hata vifo vya namna hiyo, ndiyo maana jumla yao huwa kubwa zaidi.

Lakini kilichonitoa jasho nilipolinganisha majedwali mstari kwa mstari ni safu ya silaha. Dereva anayedaiwa kutaka kuwagonga askari, gari lake ni silaha? Mtoto mwenye bastola ya kuchezea, kama Tamir Rice wa Cleveland, aliyeuawa mwaka 2014 akiwa na miaka 12, unamweka wapi? Na wale ambao silaha yao "haijulikani"? Ukiwahamisha hawa tu kutoka fungu moja kwenda lingine, jibu lako linabadilika, na hakuna aliyedanganya.

Tena safu hiyo mara nyingi hujazwa kwanza kwa maneno ya polisi wenyewe. Taarifa yao ya mwanzo kuhusu Floyd ilizungumzia tatizo la kiafya; goti halikutajwa kabisa. Video ikitoka baadaye, mstari unarekebishwa. Ndiyo maana picha ya skrini ya jedwali isiyo na tarehe mimi siihesabu kuwa ushahidi, hata ikiwa inaniunga mkono.

Kuhusu takwimu za serikali, usizikimbilie kwa sababu tu zina nembo. FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, walitegemea idara za polisi zitume taarifa kwa hiari, na kwa miaka mingi walikuwa wakitoa kama 400 kwa mwaka, chini ya nusu ya walichopata waandishi wa habari. Vyeti vya vifo navyo havikuokoa: utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2021 ulikuta kwamba kati ya 1980 na 2018, zaidi ya nusu ya vifo vilivyosababishwa na polisi havikuandikwa hivyo. Anayejaza cheti akiandika jeraha la risasi bila kumtaja askari, kifo kinaingia fungu la mauaji ya kawaida.

Kwa hiyo kwenye huo mjadala wenu, mwombe kila mmoja aseme chanzo, mwaka, kama ni risasi tu au vifo vyote, na magari kayaweka wapi. Nadhani tofauti yao itapungua sana kabla hamjafika kwenye siasa.